Dirisha la Wenye Kidogo

Tangu benki ile ya kigeni ifilisike, mtaa mzima ulikuwa ukimpa kinyozi pole kama mfiwa. Na wasimpe kwa nini? Kwa miaka mitano hakumnyoa mtu bila kumtajia mamilioni yake yaliyolala kule.

Siku ya kudai, karani akatoka mlangoni akapaza sauti: "Wenye akiba ndogo, dirisha la nyuma, mnalipwa pesa zenu zote leo hii! Wenye akiba kubwa, foleni hii, mjiandikishe msubiri!"

Hakuna aliyekwenda nyuma. Foleni ya wakubwa ikafika barabarani, watu wakililia mamilioni yao. Ila kila baada ya muda mmoja wao aliaga kwenda msalani.

Mwisho kinyozi naye akashika tumbo. Akazunguka jengo, kofia imemfika puani, akajipenyeza dirishani. Lahaula! Mwenye nyumba wake, bingwa wa majigambo, alikuwa hapo akitia noti nne mfukoni.

"Nimemsindikiza jirani," mwenye nyumba akawahi kusema.

"Hata mimi," kinyozi akajibu.

Karani wa dirishani akacheka mpaka akavua miwani. "Huyo jirani wenu anapendwa! Tangu asubuhi kasindikizwa na watu arobaini."