Kura Mgongoni

Mwanamke huyu alikuwa mchapaji wa fulana, na kwa kazi yake alikuwa na majivuno ambayo, tuseme ukweli, aliyastahili. Kwaya ya mafundi wa karakana, ambayo mumewe aliiimbia besi, ilipoingia fainali kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyejipiga kifua: "Wenzenu wabebe mabango. Nyinyi mtavaa kura zenu."

Mashindano yalikuwa hivi: kila kwaya ilete msimbo wake wa QR, watu ukumbini wauskani kwa simu, na kura ifungwe wimbo unapokwisha. Washindi wangerekodiwa. Mafundi wale walikuwa wameimba miaka nenda rudi na hawakuwa na hata wimbo mmoja wa kuwasikilizisha wajukuu.

Mwalimu wa kwaya, mama mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia, alitaka msimbo wa njano juu ya kitambaa cheupe.

"Njano inachangamsha, mwanangu."

"Mama, simu haijui kuchangamka. Inataka giza na mwanga."

Akauchapa kwa buluu iliyokolea, akaacha ukingo mweupe pande zote, akaweka spana katikati, ndogo kweli, isije ikaumeza msimbo. Akaupanua kutoka kifuani hadi tumboni ili hata wa viti vya nyuma waupate. Akazitandaza fulana mezani, akaziskani moja moja. Zote zikasoma. Akafunga duka huku akiimba.

Siku ya fainali, nyuma ya pazia, mwalimu akamwelekezea simu yule mwimba besi, mume wa mchapaji. Kimya. Akasogea karibu, akarudi nyuma. Kimya.

"Mwanangu, kitu hiki kimekufa."

Mchapaji akamtazama mumewe, akaelewa. Fulana ikiwa mezani haina tumbo. Mumewe alikuwa nalo, tena la kuwatosha watu wawili, na msimbo ulikuwa umelizunguka hadi miraba ya pembeni ikawa inatazama mbavuni.

"Hebu bana pumzi, mume wangu."

Akabana. Simu ikalia ti, ukurasa wa kura ukafunguka. Akapumua, simu ikaupoteza msimbo tena.

"Kubana naweza," alisema kwa sauti iliyominywa. "Ila kuimba, sahau."

Wembamba nao hawakuwa na nafuu. Fulana ziliwapwaya, miraba ikajikunja. Na huko jukwaani jina la kwaya, la mwisho katika orodha, lilikuwa limeshaitwa. Mwanamke alitamani ardhi ipasuke immeze. Watu wazima hawa wangekosa kurekodiwa kwa sababu yake yeye na mdomo wake.

"Geuka," alimwambia mumewe ghafla.

Akageuka. Mgongo mpana, bapa, wa mtu aliyeinua injini maisha yake yote.

"Geuzeni fulana, nyote! Mbele iwe nyuma! Chomekeni kwenye suruali, mvute!"

"Ati nini?" mwalimu aling'aka. "Kwaya yangu iwape watu kisogo?"

"Ubeti wa mwisho tu, mama. Tukishindwa, lawama zote nibebeshe mimi."

Mwalimu akawatazama mafundi, ambao tayari walikuwa wakipigana na kola. "Haya. Liwalo na liwe."

Waliimba wakiwatazama watu, kola zikiwakaba koo. Ubeti wa mwisho ulipofika, mwalimu alizungusha mkono na kwaya nzima ikageuka. Ukumbi ukaguna. Mchapaji, aliyekuwa amejibana ukutani nyuma ya jukwaa, aliona juu ya mabega yao simu moja ikiinuka, kisha ya pili, kisha safu nzima, hadi viti vya nyuma kabisa. Mtu akapiga kelele, "Imesoma!" Shangwe ikalipuka hadi madirisha yakatetemeka.

Mumewe hakuona lolote kati ya hayo. Mbele yake palikuwa na mkewe tu, analia na kucheka kwa pamoja, ngumi zote mbili juu. Hapo akajua kura zinaingia. Miaka yote alikuwa akiwaimbia watu, mkewe akiwa kichwa kimoja katika vichwa mia gizani. Leo alimwimbia yeye, uso kwa uso, na besi ile ikatoka nzima, tumbo likipumua litakavyo.

Wimbo ukaisha, kura zikahesabiwa papo hapo, mtangazaji akaitaja kwaya ya karakana. Mafundi wakageuka kuwainamia watu kwa shukrani. Mwimba besi peke yake hakugeuka.