Bonyeza Ruhusu

Kitabu cha nyimbo kinataka kusoma meseji za nini?

Tabby alilitazama swali hilo kwenye simu yake, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio la cherehani. Programu ya nyimbo za Kikuyu ilikuwa inaomba ruhusa ya kusoma meseji zake, na hata wimbo mmoja haijafungua. Programu hiyohiyo, asubuhi ile, alikuwa amemtumia mama yake kule Gatuanyaga na kumwelekeza kwa simu mpaka ikaingia.

Chanzo ni macho. Mama yake, Mukonyo, alikuwa haoni tena herufi za kitabu cha kanisa, akawa anaimba kwa kubahatisha, na kubahatisha wimbo mbele ya akina mama wa Gatuanyaga ni kujitafutia jina baya. Programu yenye herufi kubwa ilikuwepo kwenye duka la simu, lakini duka likasema simu ya mama ni ya zamani mno. Basi Tabby akatafuta toleo la zamani nje ya duka. Walioitengeneza wana ukurasa wao, angeutafuta. Lakini tovuti ya kwanza kutokea ilikuwa na kitufe kikubwa cha kijani, naye ana sare za shule zinazongojewa. Akapakua na kutuma kabla ya kuifungua. Mpishi gani huyo anayewapakulia wageni kabla ya kuonja?

"Inasema inaweza kuharibu simu," mama alikuwa amemwambia.

"Wachana na hiyo, Maitu. Hutishia watu tu. Nilikwambia nini? Ikiuliza kitu, bonyeza Ruhusu."

Sheria hiyo aliitunga mwenyewe siku alipomnunulia mama simu na kuiweka Kiswahili, herufi kubwa. Kila akienda kumwona huishika na kuipitia yote, picha na meseji, eti anaisafisha.

Sasa alimpigia mama. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

Kilichomtia hofu ni pesa za tangi. Akina mama wa kikundi walikuwa wakichanga ili wanunue tangi la maji, na mchango wote ulikaa kwenye simu ya Mukonyo. Walimchagua mweka hazina kwa sababu moja tu: hajui kutuma pesa. Asiyejua kutuma ataibaje, walisema, wakapiga makofi. Lakini mwizi aliyejificha ndani ya programu anajua kutuma, na namba za kuthibitisha huja kwa meseji. Pesa zikitoweka, nani ataamini kwamba mama wa watu alikuwa akitafuta wimbo?

Alifunga kibanda chake cha Mwihoko bila kumwambia mwenye sare. Alipofika Thika akadandia pikipiki, vumbi likamla njia nzima. Alipiga simu akiwa juu ya pikipiki, akaomba pia, sala fupi zisizo na adabu, za mtu anayemdai Mungu. Alijiona akisimama mbele ya akina mama wale, mama yake ameinamisha kichwa, na yeye hana la kusema ila kitufe kilikuwa cha kijani.

Alimkuta mama kwenye zizi la mbuzi.

"Simu iko wapi?"

"Haiya! Hata salamu hakuna?"

"Wĩ mwega, Maitu. Simu iko wapi?"

"Iliisha chaji. Iko dirishani, kwa sola."

Simu ilichukua muda wake kuwaka, kama mzee anayetafuta fimbo. Mama akaingiza namba yake ya siri kuangalia salio, akiifunika kwa kiganja ili bintiye asiione. Pesa za tangi zilikuwepo zote. Tabby akakimbilia kwenye mipangilio, mahali pa ruhusa. Kitabu cha nyimbo hakikuwa kimeruhusiwa kitu.

"Haikuuliza?"

"Iliuliza. Eti isome meseji zangu. Nikakataa."

"Na si nilikwambia ubonyeze Ruhusu?"

"Ulisema. Lakini meseji ni zangu."

Tabby alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa yote ya kucheka. Akaifuta programu ile pamoja na faili lake. Kisha akautafuta ukurasa wa wenyewe, akapakua toleo la zamani, na safari hii akalionja kwanza kwenye simu yake. Halikuomba chochote. Akaliweka kwenye simu ya mama, akafunga tena ule mlango walioufungua asubuhi, wa kuingiza vitu kutoka nje ya duka. Herufi zilijaa kioo. Mama akaiegemeza simu kwenye kikombe, akaimba ubeti mzima bila kubahatisha.

Wimbo ulipoisha Tabby aliichukua simu, na kidole chake, kama kilivyozoea, kikaenda kwenye meseji. Takataka za matangazo zilikuwepo. Ilikuwepo pia meseji ya Mzee Barasa wa Juja, aliyeuliza tena kama mbuzi wamezaa, mtu ambaye hajawahi kufuga hata kuku.

"Tabby."

"Eh, Maitu?"

Mama alikuwa amenyoosha mkono, kiganja wazi.

"Hata programu ile ya asubuhi iliuliza kwanza."