Mkono Ndani ya Koti

Kuvaa koti Kariakoo saa saba mchana ni kujitafutia maneno, na Anaeli alilijua hilo. Lakini tangu mkono wake wa kushoto uvunjike na kuunga, ulibaki unawaka moto ndani kwa ndani, bila kidonda wala uvimbe. Hata upepo wa feni ulimtoa machozi. Akauficha kifuani, ndani ya koti, na majirani, waliomwita Mangi kwa Uchagga wake, akawaambia mtu wa Machame, kwenye baridi ya Kilimanjaro, haachi koti lake. Mwanaume mzima, muuza mashuka wa jumla, alie kwa kuguswa? Afadhali wamcheke.

Siku moja alikuwa anapenya Mtaa wa Kongo kurudi dukani, bega la kulia likitangulia, mwanamke mmoja akapiga yowe kwamba simu yake imeibiwa. Watu wakageuka, wakaona koti na mkono uliozama ndani yake. Ushahidi gani tena?

Kofi la kwanza lilimkuta sikioni. Mbeba mizigo mmoja akamtia ngwala, akaanguka, mateke yakamshukia mbavuni. Walimwamuru atoe mkono. Anaeli aliyapokea mateke yote na mkono hakuutoa. Mateke yana mwisho, ule mkono hauna. Ukaidi huo ndio uliozidi kumponza, maana mmoja tayari alishaokota tofali.

Hapo Nasor, jirani yake muuza manukato, akajipenyeza kwa viwiko. Aliwaambia huyu ana duka lake, hajawahi kuiba hata sindano. Wakang'ang'ania kuuona mkono. Nasor, kwa nia njema kabisa, akauchomoa kotini na kuuinua juu wauone mtupu.

Anaeli alibweka kama mbwa. Ngumi yake ya kulia ikamvunja Nasor meno mawili kabla hajajua anampiga nani.

Tofali likapanda. Nasor akasimama mbele yake, damu ikimchuruzika ndevuni.

"Mwacheni," alisema. "Ni mgonjwa. Hakuna mtu anayelia hivi kwa uongo."

Wakatawanyika wakinung'unika, na hakuna aliyeomba radhi. Wawili hao wakajikokota hadi barazani kwa Nasor, naye akatema damu na kuuliza maumivu yameanza lini. Anaeli, kwa aibu kubwa, akasema mwaka wa pili sasa.

Nasor akautazama ule mkono.

"Mangi, kila asubuhi nakupiga kibao hapohapo, nakutania na koti lako. Na wewe unacheka."

Anaeli alitafuta uongo wa kumpoza. Hakuupata, akalia.