Kola Kumi na Mbili

Bi Kola alifika kliniki mapema, kadi mkononi na mfuko wa plastiki kwapani, akakuta watu thelathini wametangulia. Jina hilo alipewa kiwandani, maana kwa kushona kola za mashati hakuwa na mpinzani. Mfukoni mlikuwamo kola kumi na mbili, fomu ya kiwanda ya kujazwa na tabibu, na barua ya msimamizi: huyu mama haitiki akiitwa, anakodoa macho, kisha hakumbuki kazi aliyoifanya. Kola zenyewe ndizo ushahidi. Akithibitishwa ana kifafa, hatufai. Majibu yalitakiwa kabla ya saa nane, la sivyo mashine yake angepewa mwingine, na wa kuitaka walijaa getini.

Miaka mitatu alikuwa akimeza vidonge vya kifafa. Kila akija huulizwa: unaanguka? unatoka povu? Hujibu hapana, na huandikiwa vilevile. Vilimlegeza mwili, lakini kuondoka aliondoka. Hali ile ya kukodoa macho mwenyewe aliiita kuondoka. Majirani walisema amerogwa, mama mkwe akasema ni kiburi tu. Yeye aliona heri kifafa, angalau kina dawa.

Siku hiyo alimkuta tabibu mpya, mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi. Hakugusa kalamu. Alizimwaga kola mezani, akazipitia mojamoja, akiburuta ukucha juu ya mshono.

"Hizi ulizishona ukiwa umeondoka?"

"Wanasema ni mimi. Mimi sikumbuki."

"Mwanangu, kifafa hakishoni kola kumi na mbili zilizonyooka hivi." Akavua miwani. "Ukiondoka, huwa unakwenda wapi?"

Jamani, miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Bi Kola alijikuta anasema. Huwa juu, darini, anamtazama mwanamke anayeshona, wala hamjui ni nani. Huanza pasi zinapopata moto na harufu ya kitambaa kuungua ikasambaa. Tabibu akamwuliza harufu hiyo aliijulia wapi. Katika kiwanda chake cha kwanza, akajibu, kile kilichoungua. Mlango ulikuwa na kufuli, wafanyakazi wasije wakaiba nyuzi. Wenzake waliugonga mpaka wakanyamaza. Yeye alikuwa darini, anatazama, hasikii joto. Alipozinduka yuko barabarani, viganja vimechanwa na vioo vya dirisha.

Tabibu aliishika mikono ile, akaigeuza, akatazama makovu. Akamweleza taratibu kwamba ugonjwa huu una jina, unajulikana, na hutibiwa kwa mazungumzo. Vidonge watavipunguza kidogo kidogo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, alisema, na wewe kushtuka kwako ni kuondoka.

"Walikufungia mlango, akili yako ikakutoa kwa njia nyingine. Mikono ikabaki nyuma kukuokoa. Nina miaka ishirini katika kazi hii, na bado mwili unanisisimka."

Bi Kola aliitazama mikono yake kama ya mgeni aliyemtendea wema mkubwa. Kumbe! Siku zote alijiona kopo lililotoboka, kumbe ndani yake mlikuwa na kitu kilichomjali kuliko mtu yeyote duniani. Alilia palepale, wala hakuona haya.

Fomu ya kiwanda ilikuwa na visanduku vitatu: mzima, kifafa, kichaa. Tabibu alichora cha nne, akaandika jina la ugonjwa, na chini yake: anafaa kazi, akae karibu na mlango ulio wazi. Akagonga mhuri.

Saa nane kasoro robo msimamizi aliisoma, akasonya. Kisanduku cha nne hakipo, alisema, fomu ni batili, na mlango hufungwa kwa sababu ya wizi. Amalizie kola za leo, kesho asije.

Bi Kola aliiburuta meza ya mashine mpaka waya ulipoishia, akaweka kiti juu ya kizingiti, mguu mmoja ndani, mwingine nje, akaanza kushona. Pasi zilikuwa zimeshapata moto. Mlinzi akaja na kufuli mkononi, akamwita jina.

"Nipo," akaitika.

Akamwita tena, asogee afunge.

"Nimesema nipo. Pita juu yangu."