Majivu ya Mpeasi wa Wilf

Barua ya Arkidikoni, msaidizi wa Askofu, ilifika kijijini Ketterby siku tatu baada ya Krismasi, wakati hori la Mtoto Yesu lingali chini ya mimbari na mwanakondoo mmoja wa plasta akiwa amevunjika sikio. Edna Sowerby aliisoma amesimama kanisani, koti mwilini, maana mtambo wa kupasha joto ulikuwa umegoma tena. Mara ya kwanza aliipitia haraka. Mara ya pili aliifuata mstari kwa mstari kwa kidole, kama alivyofundishwa shule ya msingi, na shule yenyewe aliishia hapo hapo.

Maneno yalikuwa ya adabu, lakini yalikuwa na meno. Kasisi wao, Gilpin, alikuwa amestaafu tangu Oktoba, na kasisi mpya asingepatikana kabla ya kiangazi. Kwa hiyo Askofu alionelea kwamba Pasaka ijayo watu wa Ketterby wakasali Skelby, maili sita, na kanisa lao lifungwe mpaka kasisi apatikane. Isipokuwa kama wangeonyesha kwamba wanaweza kuendesha sala wenyewe, kila Jumapili na kila siku kuu, bila kuruka. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima Arkidikoni angekuja kujionea kwa macho yake, kisha aamue.

"Kufungwa kwa muda tu," akasema Clifford Tasker, mfugaji wa kondoo, mzee wa kanisa mwenzake.

"Hagby nao walifunga kwa muda gani?"

Clifford akakuna kidevu. Habari za Hagby nani asiyezijua? Walikosa Pasaka moja, ya pili hawakuulizwa, na leo kanisa lile ni nyumba ya daktari wa meno kutoka mjini, aliyeweka bafu palepale walipokuwa wakibatizia watoto.

"Walau bado kuna mtu anayelowa maji pale," Clifford akasema.

"Clifford!"

"Natania, Bi Edna. Natania nisije nikalia."

Edna hakuwa na utani siku hiyo. Wilf wake alilala kaburini, hatua ishirini kutoka mlango wa kusini, karibu na ukuta. Miaka kumi na mmoja sasa, kila asubuhi ya Pasaka, Edna alitoka kwenye Meza ya Bwana moja kwa moja, ladha ya divai ingali mdomoni, akaenda kumwekea mumewe maua ya manjano na kumwambia kwamba Kristo amefufuka. Hakuona angemwambiaje hilo akitokea kituo cha basi.

Akaikunja barua, akaitia mfukoni.

"Hatufungi," akasema. "Wewe utasoma Sala ya Asubuhi Jumapili hii, mimi ijayo. Tutapokezana."

"Mimi nisome? Nina sauti ya mnadani."

"Basi watakusikia."

Ndivyo walivyoanza. Januari nzima Clifford alisoma zaburi kana kwamba anauza kondoo dume, akipandisha sauti kila mwisho wa mstari. Edna naye alisoma kwa uoga, maana maneno marefu yalikuwa yakimponyoka. Kila Jumamosi alikuwa akikaa jikoni akimsomea paka masomo ya kesho yake, Nebukadneza na Mesopotamia, mpaka paka alipochoka akaomba kufunguliwa mlango. Muriel Oxtoby, mpiga kinanda, alipiga akiwa amevaa glavu zilizokatwa vidole, na kila baada ya wimbo aliviingiza vidole kwapani. Walikuja watu kumi na mmoja, wakaja tisa. Siku ya kubariki mishumaa, mafua yalipokuwa yameenea kijiji kizima, walikuja watano, na mmoja wao alikuwa amekosea njia ya kwenda Skelby. Lakini hakuna Jumapili iliyorukwa.

Ikakaribia Jumatano ya Majivu.

"Hii tuiache," Muriel akashauri. "Nani atajua?"

"Barua imesema kila siku kuu."

"Arkidikoni hatakuwepo, mwenzangu."

"Mungu atakuwepo," akajibu Edna, na mjadala ukaishia hapo.

Tatizo lilikuwa majivu yenyewe. Miaka yote ile Kasisi Gilpin alikuwa akiyatengeneza jikoni kwake, akaja nayo kwenye kisahani cha fedha. Hakuna aliyewahi kumuuliza anayatengenezaje. Edna akapiga simu kwa binti ya Kasisi huko pwani, akaambiwa baba yake amekwenda Ureno kuota jua na hatarudi kabla ya Machi.

"Kuota jua!" akasema Clifford. "Na sisi huku tunaota baridi."

Jambo moja tu walilijua: majivu hutokana na misalaba midogo ya mitende waliyogawiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Edna akatangaza, na watu wakaitoa nyuma ya saa za ukutani na nyuma ya picha za harusi walikokuwa wameichomeka. Ikapatikana kumi na miwili. Edna akaichoma kwenye kikaango kikuukuu mpaka ikawa majivu meusi matupu, akayatazama. Hayakujaa hata kijiko kimoja. Yasingetosha paji la Clifford peke yake, lile ambalo kila mwaka lilizidi kuzinyang'anya nywele nafasi.

Akageuka, akatazama mekoni. Humo mlikuwa na majivu meupe, laini kama unga. Ni ya mpeasi. Wilf aliupanda mwaka waliooana, na upepo wa Novemba ukaung'oa na mizizi yake. Clifford ndiye aliyemkatia kuni, na majira yote ya baridi Edna alikuwa akijipasha moto kwa mti wa mumewe. Vumbi ni vumbi, akajiambia, na kama kuna majivu yenye haki ya kuingia kanisani Ketterby, ni haya. Akachota vijiko vitatu, akayachekecha kwa chekecheo la unga, akayachanganya na yale ya misalaba, kisha akayakoroga kwa maji ya kisima cha ubatizo yakawa kama uji mzito. Akaridhika. Wilf atakuwa katikati yetu, akawaza.

Kesho yake saa nne asubuhi walikuja watu tisa, naye ni wa tisa. Walijipanga mbele ya madhabahu, Edna akapita akichovya kidole gumba. "Kumbuka kwamba u mavumbi, na mavumbini utarudi." Alipomaliza wote akampa Clifford kisahani.

"Na mimi."

Clifford akamchora msalaba taratibu, hakutania hata kidogo.

Walipofika katikati ya zaburi ya toba, mambo yakaanza.

"Bi Edna," Clifford akanong'ona. "Paji linaniwaka."

"Ni toba."

"Nimetubu miaka sitini, haijawahi kuniwaka hivi."

Kwenye kinanda Muriel alikosea noti, akakosea nyingine, kisha akaacha kabisa kupiga. Mtu wa benchi la nyuma akatoka mbio kwenda kwenye bomba la makaburini, mwingine akamfuata, na dakika chache baadaye waumini wote wa Ketterby walikuwa wamepanga foleni kwenye theluji, wakijimwagia maji ya barafu usoni. Weusi ukatoka. Chini yake, katika kila paji, ukabaki msalaba mwekundu, uliovimba, uliokaa vizuri kabisa.

"Umetia nini humu?" Muriel akauliza, kitambaa kichwani.

"Misalaba. Na majivu kidogo ya mekoni. Na maji."

"Majivu ya kuni, na maji!" Muriel akaketi juu ya kaburi la mtu. "Edna, nyanya yangu alikuwa akipikia sabuni vitu hivyo hivyo. Ile ya kufulia, ya kuchuna ngozi ya mikono. Umetupaka sabuni mbichi!"

Edna akatazama kidole chake gumba. Kilikuwa kimeanza kutoa lengelenge.

Kufikia jioni kijiji chote kilikuwa na habari. Baani walisema Clifford sasa amepigwa chapa, akipotea atarudishwa kundini kwake. Edna hakwenda dukani siku mbili. Hakuogopa kuchekwa; alishachekwa, akaishi. Kilichomkosesha raha ni hesabu ya siku: leo Ijumaa, Jumapili Arkidikoni anakuja, na atakuta waliodai kwamba wanaweza kujiendesha wenyewe wameunguzana.

Clifford na Muriel wakaja kwake, wakaketi jikoni mbele ya birika la chai.

"Poda," Muriel akasema. "Ninayo. Nitawapaka wote mlangoni."

"Unipake mimi poda?" Clifford akaruka. "Afadhali tumpigie simu, tuseme mafua yamerudi, aje wiki ijayo."

"Tumdanganye Arkidikoni ndani ya Kwaresima?"

"Basi wewe unasemaje, Bi Edna?"

Edna alikuwa ameinamia kikombe. Aliinua uso, na msalaba wake ulikuwa mwekundu kuliko ya wote.

"Hakuna poda. Hakuna simu. Mimi ndiye niliyekosea, mimi nitazunguka."

Akavaa koti, akazunguka nyumba zote sita zilizobaki, kwa miguu, kwenye tope la theluji. Katika kila mlango alisema maneno yale yale: "Nimekuunguza, naomba unisamehe. Na Jumapili tafadhali uje, paji wazi." Wengine walicheka wakamkaribisha ndani. Mzee Percy Lund, mwenye miaka themanini na ulimi wa wembe, alimsimamisha barazani akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Na nisipokuja?"

"Nitakuwa nimekuunguza bure."

Percy akalifikiria hilo.

"Nitakuja," akasema. "Nikibaki nyumbani watasema umeniua."

Jumapili Arkidikoni Lyle alifika kwa gari dogo jeusi, viatu vyake vikiwa safi kuliko barabara aliyopitia. Akakataa kiti cha mbele, akaketi benchi la mwisho. Kanisani mlikuwa na watu kumi na sita: wale tisa, na saba waliokuja kuwatazama tisa. Ilikuwa zamu ya Edna. Alisoma jinsi Yesu alivyojaribiwa jangwani, kidole chake kilichofungwa bendeji kikifuata mistari, na alipolifikia neno gumu hakulikimbilia. Alisimama, akalishika, akalisema lote. Muriel akapiga wimbo wa mwisho bila kukosea noti.

Baada ya sala Arkidikoni akamwita kwenye chumba cha mavazi, akafunga mlango.

"Bi Sowerby, ni nini kile kwenye mapaji ya watu?"

Edna akamweleza yote, tangu kikaango hadi bomba la makaburini. Hakumficha mpeasi.

"Nani aliwaruhusu kupaka majivu bila kasisi?"

"Hakuna aliyetukataza, bwana Arkidikoni. Lakini kuuliza tungeweza, na hatukuuliza. Hilo ni langu."

"Mtu angeweza kupofuka."

"Najua. Sijalala vizuri tangu Jumatano."

"Unaona basi kwa nini kanisa linahitaji kasisi."

"Naona. Ndiyo maana tunamwomba kila siku. Hatujasema hatumhitaji, tumesema hatufungi mlango wakati tunamngoja." Akavuta pumzi. Moyo ulikuwa ukimpiga kama siku ile ya utotoni aliposimamishwa juu ya kiti darasani asome. "Barua yako ilisema unakuja kutazama kama tunaweza. Mimi nimewaunguza watu wanane, bila kujihesabu. Hakuna mmoja aliyekosa leo. Ukiwafungia wataenda Skelby Pasaka moja, labda mbili. Baadaye watabaki nyumbani, kama Hagby. Umewaona Hagby wakija Skelby?"

Nje ya mlango benchi lililia, kwa uzito wa mtu mnene anayejaribu kutopumua.

"Ingia tu, bwana Tasker," Arkidikoni akasema.

Clifford akaingia na paji lake lote. Arkidikoni akalitazama muda mrefu, na pembe ya mdomo wake ikamsaliti kidogo.

"Inauma?"

"Nikikunja uso tu, bwana. Kwa hiyo nimekuwa mtu wa furaha."

Arkidikoni akachukua kofia yake. "Skelby kuna kasisi mstaafu, Kasisi Amory. Ana miaka themanini na minne, haoni vizuri, na ngazi hawezi."

"Tutamshika mkono," Edna akasema.

"Siku ya Pasaka atawafikia saa tano, baada ya ibada ya Skelby. Na kitu chochote cha kupakwa, kunyweshwa au kuchomwa, unanipigia simu kwanza. Mimi mwenyewe."

"Nakupigia."

Alipoondoka Clifford akafungua mikono kutaka kumkumbatia, lakini Edna alikuwa tayari ameokota ufagio. Theluji ya viatu vya watu kumi na sita ilikuwa ikiyeyuka kwenye sakafu ya mawe.

Wiki zile zilizobaki walisali kama walivyoanza. Jumapili ya Matawi misalaba mipya iligawiwa, na Edna akatia barua kwenye droo ya chumba cha mavazi, kwa herufi kubwa zilizosimama wima: *Kwa Kasisi mpya. Majivu: misalaba ya mwaka jana peke yake, isiongezwe kitu. Mafuta tone moja. Maji, hapana. Ukiwa na shaka uliza nyumba ya tatu, mlango wa kijani.*

Asubuhi ya Pasaka Clifford na Percy Lund walimpandisha Kasisi Amory madhabahuni, mmoja kila upande. Kitabu hakukitazama hata mara moja, maneno yote alikuwa nayo kichwani, na sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilifika mpaka benchi la mwisho. Edna akapokea mkate, akapokea divai. Hakurudi kwenye kiti chake. Alitoka kwa mlango wa kusini akiwa na maua ya manjano, hatua ishirini, mpaka penye ukuta.

"Kristo amefufuka, Wilf," akasema.

Akainama, akayaweka maua, akajigusa paji. Alama ilikuwa imefifia, ikabaki mstari mwembamba unaoonekana kwenye jua tu.

"Na ule mti wako," akaongeza, "siutii tena kanisani."

Ndani Muriel alianza wimbo wa kufunga, na Clifford akaupokea kwa sauti yake ya mnadani. Edna akapangusa mikono kwenye koti, akarudi kuimba.