Pilau Kabla ya Bomba

Ukitaka kumjua anayekumwagia uchafu, mwangalie siku anayotarajia wageni.

Bonde lote lililo chini ya mtaa wa Wandegeya liliijua siku ya ukaguzi mapema kuliko wakaguzi wenyewe, kwa sababu asubuhi yake lori la maji lilipanda hadi hosteli ya Siraje na kujaza tangi jeusi nyuma ya jiko. Siku nyingine zote bomba la hosteli lilitapika bondeni maji ambayo hata nzi waliyafikiria kwanza. Siku ya ukaguzi yalitoka maji ya kumwogeshea bibi harusi.

Rehemah hakusahau. Babu yake, askari wa Kinubi, alimwachia vitu viwili: mkono wa kupika na kumbukumbu ya kila aliyewahi kuwaonea. Alikumbuka bonde kabla ya bomba, watu wakifua shuka humo. Alikumbuka ukaguzi uliopita, na ule wa kabla yake, na jibu lile lile: maji ni safi. Alikumbuka watoto wa majirani waliovimba matumbo kwa minyoo, na kwamba dawa walinunuliwa na mama zao, si na Siraje.

Safari hii jambo lilikuwa zito zaidi. Mayai ya minyoo yalikuwa yamepatikana kwenye dodo, ile mboga ya majani inayouzwa sokoni, na wakubwa wakatangaza kwamba watapima maji ya bomba. Yakiwa machafu, hosteli ijenge mabwawa ya kusafishia maji taka. Yakiwa safi, basi wenye makosa ni wakulima wa bondeni na vyoo vyao, na bustani zote zing'olewe. Bustani ya kwanza kutoka bombani ilikuwa ya Rehemah.

Na ni Rehemah huyo huyo ambaye Siraje alimwita aje kupikia wageni. Pilau yake ilisifika mpaka Kawempe, na Siraje hakuwahi kumwuliza anaishi wapi. Mtu asiyejua maji yake yanakokwenda atajuaje mpishi wake anakotoka?

Siri ya yale maji safi aliipata jikoni asubuhi hiyo kwa Ocen, mlinzi wa geti, askari mstaafu kutoka kaskazini ambaye jeshi halikuwahi kumfundisha kunong'ona.

"Mama, kazi yangu leo ni koki mbili," alisema huku akionja nyama. "Wageni wakiingia, nafunga ya choo, nafungua ya tangi. Maji safi inateremka. Wakienda, nageuza."

"Na choo kikifungwa muda mrefu?"

"Inarudi juu. Inaanzia ofisi ya bosi, ndiyo iko chini kabisa." Akacheka. "Lakini hawa watu hawakawii. Wanachota, wanakula, wanaenda."

Rehemah akafunika sufuria. Wanachota, kisha wanakula. Kumbe ugonjwa wote ulikuwa kwenye huo mpangilio.

Mkaguzi, binti aliyeitwa Amony, alifika na wenzake, na sanduku la chupa na glavu zake. Ocen akageuza koki. Siraje akanyoosha mkono kuelekea bondeni. "Tuanze na kazi, madam, tule baadaye."

Rehemah alikuwa amesimama mlangoni na birika na beseni la kunawia.

"Bosi, mgeni hajaonja hata chumvi unamtuma kwenye kinyesi? Kwetu Wanubi hiyo ni aibu ya mpishi. Na wewe mwanangu, ukishachezea yale maji, hiyo mikono ndiyo utaileta kwenye pilau yangu?"

Amony akaangalia glavu, akanusa pilau. "Mama anasema kweli. Hata maabara inasema hivyo."

Siraje hakuweza kukataa bila kuonekana mchoyo mbele ya wageni. Wakaketi. Ikaja pilau. Pilau ilipokwisha ikaja kisra, ule mkate mwembamba wa Kinubi, na mchuzi wa bamia. Kisha chai ya tangawizi, ambayo Rehemah aliichemsha upya kwa kuwa, alisema, ile ya kwanza haikumridhisha.

Amony alishiba akawa msemaji. Akaeleza kwamba mayai ya minyoo huzama, ndiyo maana huchota maji mengi, huyaacha yatulie, kisha hutazama mashapo kwa hadubini. "Yai la mnyoo lina subira, mama. Linakaa kwenye udongo, linangoja tu mtu asiyenawa."

"Nawajua wa namna hiyo," Rehemah akasema, akamwongezea Siraje chai.

Nje kulisikika vicheko. Siraje akachungulia dirishani. Wanawake wa bonde walikuwa wamepanga madumu mbele ya tangi jeusi, Abalo, jirani yake Rehemah, akiwa wa kwanza.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanachota maji yako, bosi."

"Lile tangi ni la nini?" Amony akauliza.

"La sadaka," Siraje akajibu.

"Mungu akuzidishie, mzee," Abalo akaitikia kutoka nje, akaleta dumu lingine.

Harufu ilianza kama uvumi, ikapita chini ya mlango wa ofisi. Ocen akaingia, akagonganisha visigino, akapiga saluti.

"Bosi, tangi imekauka. Choo imepanda mpaka kapeti yako. Koki ya choo nifungue, ama tungoje wageni waende?"

Amony akaweka kikombe chini, akavaa glavu. "Nipe nafasi nifike bombani," alisema. "Halafu fungua."

Siraje angeweza kukataa. Lakini alifungua mlango wa ofisi akaliangalia kapeti lake, na kapeti nalo likamwangalia. "Fungua," akasema.

Kule chini bomba likakohoa, likanyamaza kidogo kama mtu anayetafuta pa kuanzia, kisha likasema yote liliyoyaficha. Amony akajaza chupa zake. Rehemah alisimama kando ya dodo zake, kanga puani.

Siraje akamsogelea. "Mama, umeniua kwa pilau."

"Ilikuwa tamu, haikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu."

"Basi usiisingizie."

Majibu yalikuja: mayai yalikuwa yamesongamana kwenye mashapo kama abiria wa sikukuu. Hosteli ikaamriwa kujenga mabwawa. Bustani hazikung'olewa, ila wakulima walikatazwa kuuza mboga za majani mpaka maji yapone. Rehemah alinuna, maana hata akishinda mnyonge hukatwa kidogo, kisha akapanda migomba. Hilo nalo ameliweka kwenye kumbukumbu.

Siku hizi mkaguzi akifika hostelini hapewi hata maji ya kunywa. Siraje humdaka getini na kumkimbiza moja kwa moja bombani. Rehemah akipita na ndizi zake kichwani humnong'oneza Ocen: leo wageni wamekula nini? Na Ocen humjibu, "Hakuna kitu, mama!" mpaka Kawempe isikie.