Mwimbaji wa Katikati ya Spika Mbili

Jumamosi saa nne asubuhi fundi spika alivua viatu mlangoni, akaingia sebuleni kwa Mzee Gitaa, akasimama katikati ya chumba na kupiga makofi matatu. Akasikiliza. Makofi yalikwenda ukutani, yakarudi, yakaenda tena, mbio mbio kama kuku anayekimbia juu ya bati.

"Chumba hiki kina kelele zake chenyewe," alisema. "Na spika hata hatujaziwasha."

Aliyemwita ni binti wa nyumba ile, mfamasia, mtu asiyependa mambo ya kubahatisha. Jumatano afisa wa kampuni ya muziki angekuja kusikiliza santuri ya zamani ya bendi ya baba yake, kwa kuwa walitaka kuitoa upya, na angekuja na fomu ya kujaza. Kwenye jalada la kwanza iliandikwa kwamba mtunzi ni Mzee Gitaa. Aliyeimba ni "na wenzake". Mwenzake alikuwa mmoja tu, mkewe, naye wakati huo alikuwa jikoni akichambua mchele.

Mama alitaka jina lake liandikwe. Alikuwa amelitaka kwa miaka thelathini na nne, na alikuwa amelisema mara moja tu, mwaka wa kwanza, akajibiwa kwamba jalada limeshachapwa. Safari hii jalada lilikuwa bado.

Fundi aliitazama sebule kwa heshima, jinsi daktari mzuri anavyomtazama mgonjwa kabla ya kumgusa. Sakafu ilikuwa ya vigae vitupu. Ukuta wa kushoto haukuwa na kitu, wa kulia ulikuwa na dirisha kubwa la kioo. Spika zenyewe zilikuwa nzuri sana, za mbao nzito, ila zilisukumiwa kwenye kona, na juu ya kila moja palikuwa na kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki. Alizigeuza moja moja kuangalia nyaya nyuma, na kwenye ile ya kulia akainama karibu zaidi.

"Mzee, hapa nani alifunga?"

"Mimi mwenyewe," alisema Mzee Gitaa. "Mwaka tuliohamia. Sikutaka fundi aje kuniharibia."

"Waya mwekundu umeingia kwenye mweusi. Spika moja ikisukuma, nyingine inavuta. Zinakataana. Gitaa za pembeni utazisikia vizuri tu, lakini sauti ya katikati inakufa."

"Mimi nilidhani ndiyo upana wa muziki huo," alisema mzee. Gitaa ya pembeni ilikuwa yake.

Fundi alirudisha waya mahali pake, akapangusa vidole, akaweka sindano juu ya santuri. Baada ya mapigo manane mwanamke wa miaka kama ishirini na minne alisimama kati ya spika mbili, mahali pasipokuwa na kitu, akaanza kuimba. Alivaa gauni la madoadoa na kandambili, na vibanio vya nguo vilikuwa vimebana ukosi wa gauni lake. Uso wake ulikuwa na ukungu. Kiunoni alikuwa mnene kupita kiasi.

Binti mfamasia alimtambua kwa umbo la pua. Mama alitoka jikoni na ungo wake, akamtazama yule mwanamke toka juu mpaka chini.

"Sikuwa mnene hivyo," alisema.

"Si wewe, mama, ni kona," fundi alimjibu. "Besi inajikusanya konani na kuvimba. Subiri."

Alizivuta spika kutoka ukutani, hatua moja na robo. Kiuno kikapungua palepale, na gauni likamkaa vizuri.

"Hapo sawa," alisema mama.

Kuanzia hapo fundi alifanya kazi bila haraka, na kazi yake ilipendeza kuitazama. Alichukua kamba, akapima toka spika hii hadi ile, kisha toka kila spika hadi kwenye kiti cha mzee, mpaka pande zote tatu zikawa sawa. Alipoisogeza spika ya kulia upana wa kidole, yule mwanamke naye alisogea upana wa kidole, asikatize wimbo. Zulia lilitolewa chumbani na kutandikwa mbele ya spika, na miguu yake ikaacha kutetemeka. Kisha fundi akaketi kwenye kiti, akampa binti kioo cha kujitazamia na kumwambia akitelezeshe ukutani polepole.

"Nikiiona spika ndani ya kioo, simama. Sauti inagonga hapohapo kabla ya kunifikia, kwa hiyo inafika mara mbili."

Walipapata, wakaning'iniza blanketi hapo. Upande wa dirisha wakavuta pazia zito. Ukungu ukatoka usoni kwa yule mwanamke, na zikaonekana nyusi, kovu dogo la kidevuni, pumzi anayoivuta kabla ya kiitikio. Ilikuwa sauti nzuri mno, isiyo na haraka wala maringo, na chumba kilichoizima miaka yote hiyo sasa kiliibeba kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni.

Wimbo wenyewe ulihusu nguo zilizoanikwa na mvua inayokuja. *Anua, anua, wingu limeshaamua.* Watu walikuwa wameuchezea kwenye harusi zao, na watoto wao wakauchezea kwenye za kwao. Mzee Gitaa, tuseme ukweli, hajawahi kuanua hata leso.

"Fundi, una mkono," alisema mzee, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

Tangu siku hiyo mwanamke wa katikati alitokea kila santuri ilipowekwa. Majirani walikuja kumsikiliza, wakamsalimia, wakapokezana kile kiti kimoja, kwa kuwa ukikaa pembeni humwoni sawasawa. Wakitoka walimpa Mzee Gitaa mkono wa pongezi.

Jumatano afisa alifika na begi lake. Alikalishwa kwenye kiti. Yule mwanamke alipotokea, afisa alimwambia, "Habari yako, dada," naye akaitikia kwa kichwa maana mdomo ulikuwa kazini.

"Sauti kama hii siku hizi hupati," alisema afisa. "Sasa mzee, wimbo huu ulikujia vipi?"

"Nilikuwa nanyoa ndevu," alisema Mzee Gitaa. "Ukaja wote kwa mkupuo."

"Nahitaji maneno yake, beti zote."

Mzee aliandika kiitikio. Akaandika nusu ya ubeti wa kwanza, akatafuna kalamu, akageukia jikoni. "Mama, ubeti wa pili unaanzaje vile?"

Mama alikuja akakaa mezani, akachukua kalamu. Alimalizia ubeti wa kwanza, akaandika wa pili na wa tatu, na wa nne ambao haukuwahi kurekodiwa kwa sababu mkanda uliisha. Mwanamke wa katikati alipunguza mwendo ili mwandishi asiachwe nyuma, na ubeti wa nne akauimba wakati santuri yenyewe ilikuwa imeshafika mwisho. Afisa alisubiri kwa adabu.

Juu ya maneno yale palibaki mstari mtupu: *Mtunzi*. Mama aliutazama, kalamu bado mkononi. Kisha akaiweka kalamu mezani, katikati yake na mumewe, akangoja.

Mzee aliichukua, akaandika jina lake.

"Baba," alisema binti, "si unamwona huyo hapo?"

"Namwona, mwanangu. Nimwache kumwona nina upofu? Lakini kuimba ni kuimba, na kutunga ni kutunga."

"Tena nafasi ni ya jina moja," alisema afisa, akimwonyesha ule mstari, na kweli ulikuwa mfupi.

Mama aliumia, palepale alipoumia miaka thelathini na nne iliyopita. Afisa alizitazama zile beti nne, akamsifu kwa mwandiko safi, mama akashukuru. Fomu ikaingia kwenye bahasha.

"Ile ndiyo sauti," alisema Mzee Gitaa akiinuka kumsindikiza mgeni.

"Ilikuwa yangu," alisema mama.

"Ilikuwa yako," mzee alikubali kwa moyo mweupe kabisa, akamfungulia afisa mlango.